Karatasi ya Gramu Mbili

Ami yangu hakuwa na mizani. Barua ya ng'ambo ikiwa na kurasa nyingi, alinituma kwa sonara wa kichochoro cha pili. Sonara aliiweka chini pete aliyokuwa akiisugua, akaitia bahasha kwenye sahani moja ya mizani yake ya dhahabu na mawe madogo ya shaba kwenye sahani ya pili, kisha akainama mpaka kope zikakaribia kuigusa. "Mwambie ami yako kumi na moja." Nikarudi mbio. Kumi na moja ilikuwa habari mbaya, kwa sababu posta ilihesabu barua za ndege kwa gramu 10, na aliyezidisha gramu 1 alilipa sawasawa na aliyezidisha 9. Ndiyo maana ami hakuitia bahasha gundi kabla haijatoka kwa sonara.

Huu ni mwaka 1980, Lamu, mtaa wa Mkomani. Mimi nilikuwa darasa la sita. Ami alikuwa ameacha ukarani Mombasa akarudi nyumbani na taipureta moja, sanduku la kaboni, na sifa ya kuandika barua ambazo wakubwa huzijibu. Aliketi dakani, kwenye baraza ya mawe, meza fupi mbele yake, na punda wakipita hatua mbili kutoka miguuni pake. Wateja wanaume walimkuta hapo hapo. Wanawake walipita ndani kwa mama, na huko ndani kazi ilikuwa yangu.

Kitu cha kwanza alichonifunza si kuandika. Alinipa karatasi mbili, akaniambia nifumbe macho, niseme ipi ni ya ofisi na ipi ni ya ndege. Mtoto yeyote angejua. Ile ya ofisi ilikaa mkononi kimya. Ile ya ndege ilichakarika kama ganda la kitunguu unapolimenya, na kwa Kiingereza jina lake ndilo hilo hilo la ganda la kitunguu, ijapokuwa hakuna kitunguu ndani yake. Iliyokuwa bora ilitengenezwa kwa pamba. "Hii ni kanzu," ami alisema, "si ubao." Alimaanisha kwamba karatasi za kawaida hutoka kwenye miti, na hii ilitoka kwenye nyuzi zile zile tunazovaa, ndiyo sababu ilikuwa nyembamba na bado haikuraruka ovyo. Uso wake ulikuwa na mikunjo midogo midogo, kama utando wa maziwa yanayopoa. Nilidhani ni pambo. Kumbe mikunjo ile ilizuia karatasi zisigandane, na ilifanya kosa la taipu lifutike bila kuacha kidonda.

Hesabu yake niliijua kabla sijaijua hesabu ya shule. Karatasi ya kawaida ya A4 ya gramu 80 kwa mita mraba ina uzito wa gramu 5. Bahasha nyepesi, tuseme gramu 3. Ukitia karatasi moja uko 8. Ukitia ya pili uko 13, umeshapita. Karatasi yetu ilikuwa ya gramu 30 hivi kwa mita mraba, kwa hiyo moja haikufika gramu 2. Tatu zilienda kwa stempu ile ile iliyobeba moja ya ofisi. Rimu nzima ya karatasi 500 haikutimia kilo 1, na hilo nalo lilikuwa na maana kwetu, kwani ilitoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa mashua, na mvua zikikata barabara ya Garsen ilikawia hadi Tana ishuke.

Ami alipenda kusema kwamba Lamu ilikuwa na posta kabla Nairobi haijakuwepo, na alisema kweli. Wajerumani walifungua ofisi ya barua hapa mwaka 1888, wakaifunga 1891, wakati mahali palipo Nairobi bado pakinywesha ng'ombe wa Wamaasai. Nyumba ile leo ni makumbusho. Lakini barua za enzi hizo zilikwenda kwa meli, na meli haijali karatasi nene. Ndege ndiyo iliyoleta mambo ya gramu. Mwaka 1937, Waingereza walipoanza kupeleka barua za himaya yao yote kwa ndege, zile ndege za kutua majini zilipita Kisumu na Mombasa zikielekea kusini, na kipimo kilikuwa nusu wakia, yaani gramu 14. Kabla ya hapo, mwaka 1933, posta ya Iraq ilikuwa imeshatoa karatasi moja nyepesi inayokunjwa ikawa barua na bahasha kwa pamoja. Tuliziuza nasi, zile za buluu. Wanawake hawakuzipenda. Zilikuwa na mwisho.

Nitarudi kwa wanawake. Kwanza taipu.

Barua ya serikalini au ya kampuni ilipigwa kwa nakala. Karatasi nene ya juu ndiyo iliyoitwa asili, na chini yake zikafuata kaboni na karatasi nyepesi, kaboni na karatasi nyepesi, mpaka nakala nne. Kama zingekuwa nene, herufi isingefika chini. Pigo lingekufa njiani. Asili ilikwenda ilikoandikiwa. Nakala ya kwanza alipewa mwenye haja, ya pili ilikwenda kwa mkuu wa wilaya au yeyote aliyetajwa mwishoni, ya tatu ilibaki akiba, na ya nne, iliyofifia kuliko zote, iliingia faili la ami. "Sisi macho yetu yamezoea," alisema. Mwanangu anayefanya kazi Mombasa hutuma barua pepe akajaza kile kisanduku cha herufi mbili, cc, bila kujua kwamba anasema kaboni. Nilipomweleza aliduwaa.

Kosa moja katika barua kama hiyo lilikuwa makosa matano. Ulitakiwa uinue kila karatasi, utie kipande kidogo nyuma yake ili kaboni isipake, ufute kwa upole, ushuke hadi inayofuata, kisha urudishe zote zikae sawa na upige herufi ile juu ya mahali pake. Dakika nne kwa herufi moja. Na mkono ukiwa mzito, herufi ya "o" ilikata duara la karatasi likadondoka, na nukta ikatoboa tundu. Nakala za mwanzo nilizopiga mimi, ukiziinua kwenye mwanga, zina nyota. Ami alinifunza kupiga nukta kwa ncha ya kidole kidogo.

Karatasi ile haikutupwa. Mwalimu wa chuo alikuja kuchukua vipande vya pembeni kwa ajili ya dua za kutiwa kwenye hirizi, kwani ilikunjika mara sita bila kuvimba, na mshona ngozi akapata kazi nyepesi. Sonara, kwa malipo ya mizani yake, alichukua ya kufungia vipuli na hazama. Fundi wa milango ndiye aliyenishangaza. Aliibandika karatasi juu ya mfaa wa mlango wa zamani, akapitisha penseli ubavu kwa ubavu, na nakshi yote ikapanda juu ya karatasi: mawaridi, mnyororo wa pembeni, hata pale patasi ya fundi wa kale ilipoteleza. Kisha akaihamishia kwenye ubao mpya. Nilisimama kichochoroni nikimtazama hadi nikachelewa adhuhuri. Nilikuwa sijajua kwamba wembamba wa karatasi unaweza kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Sasa wanawake. Miaka ile nyumba nyingi za Lamu zilikuwa na mtu Jeddah, Dubai, Muscat au Kuwait. Mume, kaka, mtoto wa kwanza. Wake zao walisoma msahafu vizuri sana, na wengi waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini kule ng'ambo mara nyingi barua ilisomwa na rafiki wa kazini aliyesoma shule, akizoea herufi za Kirumi. Wengine walikuwa na mikono inayouma. Wengine walitaka tu kukaa wakasema, mtu mwingine akaandika. Walikuja baada ya alasiri, wakavua buibui, wakapewa kahawa, nami nikaketi kwenye mkeka na ubao magotini.

Tuliandika kwa kalamu ya wino mkavu, upande mmoja tu, kwa sababu upande wa pili uliona wa kwanza. Karatasi hazikuwa na mistari. Kidaftari kilikuja na karatasi moja ngumu yenye mistari mieusi mizito, ukaitia chini, mistari ikaonekana kwa juu, ukaandika umenyooka kama umechorewa. Kukunja nako kulikuwa na adabu yake: maandishi ndani, na karatasi tupu moja ikizunguka zote, ili mwenye jicho refu asiiinue bahasha kwenye jua akasoma ya watu.

Miezi ya kwanza nilifanya kosa ambalo sikulijua kuwa ni kosa. Nilifupisha. Mwanamke alisema, "Mwambie mtoto ameota meno mawili, la chini la kulia na la chini la kushoto, na lile la kushoto limetoka usiku wa Ijumaa, akalia mpaka alfajiri." Mimi niliandika: mtoto ameota meno mawili. Nilijiona hodari. Gramu zilikuwa kichwani, na sauti ya sonara. Salamu za watu kumi na wanne nilizifanya "wote wanakusalimu". Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa nilipowasomea nilisoma haraka, na walikuwa na heshima kuliko mimi.

Mmoja wao, mama mtu mzima, alitoka siku moja akaiweka barua mbele ya ami pale dakani. Hakusema neno baya. Alisema tu, "Bwana, nisomee, nisikie kama nimemaliza." Ami akamsomea. Barua niliyoandika ilikwisha haraka sana. Yule mama alinyamaza kidogo, akasema, "Nilikaa na mwanangu huyu tangu alasiri hadi magharibi inakaribia."

Ami hakunigombeza mbele yake. Usiku aliniita, akanionyesha rimu. "Unajua kwa nini nanunua hii, na ile ya ofisi ni rahisi?" Nikasema, ili barua iwe nyepesi. "La," alisema. "Ningetaka barua nyepesi ningeandika maneno machache kwenye karatasi yoyote. Nanunua hii ili mtu aseme mara tatu kwa stempu moja. Wewe umeichukua nafasi yao ukairudishia posta."

Tangu siku ile niliandika kila jino. Niliandika bei ya mchele, jina la jahazi lililoleta boriti, nani amekuja kutoka Faza, maji ya kisima yamekuwaje. Niliandika "akasita kidogo" mahali ambapo mtu alisita, mpaka bibi mmoja akaniambia hilo niliache, mume wake angekisia. Niliandika mpaka sonara akasema tisa na nusu, na nikarudi nikitembea polepole kwa raha.

Hilo lilikuwa somo moja. La pili liligharimu zaidi.

Mwaka uliofuata, kusi ilipokuwa inavuma sawasawa, vijana wote wa mtaa walikuwa na tiara. Mdogo wangu alitengeneza fremu ya chelewa na akapika gundi ya unga wa ngano, akaja kuniomba karatasi. Shashi ya dukani ilikuwa ghali na huraruka. Nilijua karatasi gani itapaa. Ami hakuwepo. Juu ya kasha palikuwa na rundo la nakala zinazongoja kupangwa kwenye faili, na za chini yake zilikuwa zimefifia kiasi kwamba mtu ungedhani ni vumbi. Nikachagua nne zilizofifia kuliko zote. Nilijiambia kwamba nakala ambayo haisomeki imeshakufa.

Tiara ile ilipaa vizuri kuliko zote. Nitasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ilipanda juu ya minazi, herufi zikiwa hazionekani tena, ikakata uzi ikaelekea mkondo wa bahari, upande wa Manda.

Moja kati ya zile nne ilikuwa ya mjane wa Langoni. Mume wake alikuwa baharia wa kampuni moja ya meli kwa miaka mingi, akafariki, na kiinua mgongo chake hakijalipwa. Kampuni ilitaka kitabu chake cha ubaharia, kile chenyewe, na kitabu kilikwenda kwa rejista pamoja na barua. Miezi ikapita. Kisha likaja jibu la mistari mitatu: hawakupokea kitu. Nakala ya mjane ilikuwa kwenye sanduku chini ya paa la makuti, na mchwa walikuwa wameifikia kabla yetu. Nakala ya akiba ilikuwa imeambatishwa kwenye barua ya pili iliyotumwa kule kule, nayo ikapotea kule kule. Ile ya mkuu wa wilaya haikuwahi kutolewa, kwani barua haikumhusu. Ilibaki ya faili, na juu yake risiti ya rejista niliyoibana kwa pini kwa mkono wangu mwenyewe na kuibandua ili karatasi ilale vizuri kwenye chelewa. Risiti nayo sikuiona tena.

Nilimwambia ami ukweli usiku ule ule alipokuwa akitafuta. Alikaa kimya muda mrefu mpaka mama akatoka kuuliza kama kuna mgonjwa. Kisha akasema, "Kesho utakwenda Langoni kumwambia mwenyewe. Sitakwenda nawe."

Nilikwenda. Alikuwa ameketi mlangoni akisuka ukili. Nilieleza nikiwa nimesimama, sauti yangu ikikatika. Aliniuliza swali moja: "Imeangukia wapi?" Nikasema, mkondoni, upande wa Manda. Hakuniambia niketi wala niondoke. Vidole vyake viliendelea na ukili, na mimi nikasimama pale mpaka alipofika mwisho wa mwaa aliokuwa nao, akachukua mwingine. "Haya," alisema, "nenda kamsaidie ami yako."

Nikamkuta ami ameketi na kaboni. Kwa barua kubwa alikuwa akianza na kaboni mpya, na zikishatumika mara moja zilishushwa kwa barua ndogo ndogo. Alikuwa akiziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, upande usio na wino ukimwelekea yeye. Pale nikaona. Kila herufi iliyopigwa huchukua masizi ya kaboni na kuyaacha kwenye karatasi ya chini, na mahali pale pa kaboni panabaki pepe. Ukiiweka mbele ya mwanga, barua inang'aa humo kama taa za mashua usiku. Kaboni iliyotumika mara nyingi huwa ni vurugu tupu, neno juu ya neno. Lakini barua zilizofuata zilikuwa fupi. Zilichafua sehemu ya juu tu. Chini kabisa, mahali ambapo hakuna barua fupi inayofika, kulikuwa na neno "Viambatisho", na chini yake nambari ya kitabu cha baharia, tarakimu zote, na mwaka kilipotolewa.

Tulitumia kaboni tatu kuhakikisha, kwa sababu katika ya kwanza tarakimu moja ingeweza kuwa tatu au nane. Ami akapiga barua mpya. Mimi nilishika zamu ya kupanga karatasi. Ilipomalizika nilipewa nakala ya nne, nikaipeleka mwenyewe kwenye faili, nikaifunga uzi.

Kampuni ilikuwa na nambari hiyo kwenye vitabu vyake. Hawakukitafuta kitabu, walitafuta nambari. Malipo yalikuja baada ya miezi tisa. Mjane alituletea sinia ya halua, akamshukuru ami, akaniangalia, akanipa kipande changu wa kwanza. Aliendelea kuja kuandikiwa barua na kila mara alitaka nimwandikie mimi. Sijui kitu kingine katika ujana wangu kilichonilemea na kuniinua kwa pamoja namna ile.

Baadaye mambo yalikwenda upesi. Fotokopi ilifika mjini, na hakuna aliyetaka nakala ya kaboni akiweza kupata iliyo sawa na asili. Kaseti zilikuwa zimeshaanza kubeba sauti hadi Jeddah. Simu za mkononi zikamaliza lililobaki. Marekani iliacha kuuza zile karatasi za buluu za kukunja mwaka 2006, Uingereza 2012. Ami aliendelea kupiga taipu kwa mzee mmoja mmoja aliyeamini kwamba barua isiyo na mlio haijaandikwa, mpaka mtoto wa jicho ulipomfunga. Hata hapo, ukimpa karatasi, alipitisha vidole nyuma yake na kukuambia ni nakala ya ngapi.

Alifariki mwaka 2019. Faili zake zilikuwa kwenye vidaka vya chumba cha ndani, na mimi ndiye niliyezifungua. Magazeti aliyozungushia yalikuwa yamegeuka rangi ya chai na yakavunjika mkononi kama papari. Barua za asili walizomjibu, karatasi nene za ofisi zenye nembo, zilikuwa na madoa, na pembe zake zimeliwa. Nakala za karatasi nyepesi zilikuwa nzima. Pamba haina ile asidi ya karatasi za miti inayojila yenyewe, na kaboni nyeusi ni masizi na nta, masizi hayapauki. Ndiyo wino wa vyuoni wa zamani, kwa hakika. Nakala ya nne, ile niliyoiita maiti, inasomeka leo ukiiweka juu ya karatasi nyeupe na dirisha likiwa wazi.

Nimekuwa nikizirudisha. Nikipata jina la familia ninayoijua nakwenda nayo: maombi ya kiwanja, malalamiko ya mashua iliyogongwa, barua ya mtu akiomba mwanawe arudishwe shule. Wajukuu hupiga picha kwa simu. Mzee mmoja alilia kwa kuona sahihi ya babake ikiwa imechorwa kwa kaboni. Lakini zote ni za wanaume, au ni za wanawake wakiomba kwa wanaume. Barua nilizoandika mimi kwenye mkeka hazikuwa na nakala. Nani angetia kaboni chini ya maneno ya mtu kwa mumewe? Zilikwenda zote, na nyumba walizofikia huko ng'ambo hazina anayezijua. Hilo lilinikalia moyoni kuliko nilivyotarajia.

Chini ya sanduku la mwisho nilikuta kidaftari cha karatasi za ndege, zimebaki nne. Nilikigeuza kwenye taa kwa kulaza, si kwa kutafuta kitu. Ya juu ilikuwa na makovu. Kalamu yangu ya utotoni ilikuwa nzito, na barua iliyoandikwa juu yake ilikuwa imepita chini. Niliona tarehe ya mwezi wa saba, 1980, na mstari wa kwanza wa salamu, na kwa salamu ile nikamjua mwenyewe mara moja, kwa sababu ni mmoja tu aliyekuwa akianza barua kwa kumsalimia mume wake na mlango wa nyumba yao.

Yu hai. Anakaribia tisini, haoni vizuri, anaishi na mjukuu nyuma ya ngome. Nilikwenda na kidaftari na penseli laini, nikamweleza ni nini, na kwamba sijasoma zaidi ya salamu. "Nikiisugua itasomeka," nilisema. "Nisipoisugua itabaki hivi. Ni yako."

"Sugua," alisema.

Nikalaza penseli kama nilivyomwona fundi wa milango akiilaza, nikaanza juu. Maneno yalitoka meupe ndani ya kijivu. Nikasoma polepole. Habari ya paa. Habari ya mbuzi. Kaka yake amerudi kutoka Pate na homa, sasa hajambo. Alisikiliza kichwa kimeinama, mkono ukiwa juu ya goti langu, akitikisa kidogo kwa kila jina. Nikafika chini: "Na mimi nakukumbuka sana."

Mkono ukakaza gotini pangu.

"Sana mbili," alisema. "Nilikwambia uandike sana, sana. Mbona hapo ni moja?"

Nilitazama karatasi. Chini ya mstari ule palikuwa na nafasi ya vidole vitatu.

Nikachukua penseli, nikamuuliza kama niiongeze sasa.

"Ongeza," alisema.